Nina digrii ya saikolojia, niko steshenari natoa kopi. Nifanyeje?

BintiMtulivu: Wakuu, heshima kwenu. Nilimaliza shahada ya saikolojia 2022, GPA 3.9. Sasa hivi niko kwenye steshenari ya binamu yangu Mbezi, nawachapia watu barua za maombi ya kazi. Mwezi uliopita nilimchapia kijana mmoja wa famasia. Juzi karudi kutoa kopi za vyeti, kaitwa kwenye usaili. Nikampigia pini karatasi zake, nikampongeza, alipotoka nikajifanya natengeneza mashine ili wateja wasinione usoni.

Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, naingia kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Nikitafuta "mwanasaikolojia" siambulii kitu. Nilijitolea miezi saba kwenye mradi mmoja wa watoto, nauli yangu, chakula changu. Mfadhili alipoondoka na sisi tukaondoka. Huko nyumbani baba alishatangaza mtaa mzima kwamba bintiye ni daktari wa vichaa. Shangazi kila akiniona, "Haya, niambie nawaza nini." Nikisema sijui, anauliza miaka mitatu nilikuwa nasoma nini.

Nirudi kusoma uzamili, nichukue ualimu, au niachane nayo? Deni la Bodi ya Mikopo liko palepale.

Mchimba_Chumvi: Saikolojia bongo hii? Mtu akizidiwa na msongo anaenda kwa mchungaji au kwa mganga, na wote wawili wana foleni. Ungesoma umeme wa majumbani.

BintiMtulivu: Asante kwa kunitia moyo mkuu 😂

Mama Wawili: Mdogo wangu, achana naye. Mimi nina saikolojia hiyohiyo, ni afisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri, mwaka wa sita huu. Unakosea kutafuta jina la kozi, wenzio wanatangaza cheo. Fungua kila tangazo la ustawi wa jamii, soma sifa za mwombaji mpaka nukta ya mwisho. Mengine hayatakutaka, mengine utaikuta saikolojia imejibanza nyuma ya sosholojia. Langu lilikuwa hivyo.

Ila usije ukadhani utakuta kochi la kulaza mteja. Chuoni nilisomeshwa nadharia za kina Freud na Piaget. Leo asubuhi nimekaa na mama mwenye mtoto mgongoni, anadai matunzo, baba mtoto yuko mwisho wa benchi anachezea simu. Saa nzima tunabishania elfu thelathini. Yule baba hakuwa mkorofi, alikuwa na aibu ya kusema hana kazi. Hapo ndipo digrii yangu ilipofanya kazi.

Kipimajoto: Uzamili usiukimbilie kwa sababu tu umekwama. Kama unataka kukaa na wagonjwa, soma saikolojia tiba, pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, ipo. Ukichukua uzamili wowote tu utarudi hapohapo steshenari na deni la pili. Kabla hujalipa ada, omba kujitolea kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa watumiaji wa heroini ili waache. Muhimbili walianza 2011, sasa zipo hadi mikoani. Siku mteja akikutazama machoni akakuapia hajagusa unga, na wewe unaona kabisa anadanganya, ndipo utajua kama bado unaipenda hii kazi.

Mswahili wa Kongowea: Huku Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na bado kazi hailetwi mlangoni, dada. Mimi nilianza na mikutano ya wazazi shuleni. Mara mbili bure, ya tatu nikataja bei. Mwalimu mkuu alinuna kidogo, akalipa.

BintiMtulivu: Mama Wawili, nimefanya ulivyosema. Limepatikana moja, saikolojia imetajwa ya mwisho kabisa! Linafungwa Ijumaa. Tatizo cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, vya shule havina.

Mama Wawili: Nenda kwa wakili ukaape leo kwamba majina yote ni yako. Usingoje Alhamisi, mtandao utakuwa umezidiwa.

BintiMtulivu: Naenda sasa hivi dada. Kopi angalau natoa bure.