Mnaouza programu za Linux, kagueni glibc KABLA ya kufuta toleo la zamani!!

Wakuu salaam. Sijalala tangu jana na nina hasira, mtanisamehe.

Nipo Mwanza, kazi yangu kuwafungia wafanyabiashara wa dagaa na samaki mifumo ya mizani na risiti. Mteja wangu mmoja pale mwaloni Kirumba anapokea mzigo wa Ukerewe, boti zikitia nanga alfajiri ni kupima na kulipa hapo hapo, hakuna cha subiri kidogo. Jana usiku ikaja apdeti ya programu ya stoo tunayoilipia kila mwezi, nikaiweka, bando likaliwa, instola ikafuta toleo la zamani ikaweka jipya, kuwasha tu: `GLIBC_2.34 not found`. Basi. La zamani halipo na jipya haliwaki.

Kwa wasioelewa, glibc ndiyo laibrari ya C ambayo karibu kila kitu kwenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) kinaiegemea. Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani inapiga kazi kwenye mpya, ila ukigeuza inagoma. Sava ya mteja ni Ubuntu 20.04, glibc yake 2.31, wao wenye programu wamejengea kwenye 22.04 yenye 2.35. Na tangu itoke 2.34 Agosti 2021, hata kiprogramu cha C cha mistari mitatu ukikijengea huko kinadai 2.34, maana ile funksheni inayoanzisha programu yenyewe ilipewa toleo jipya. Miaka yote hiyo linajulikana!

Na kukagua ni amri moja jamani. `getconf GNU_LIBC_VERSION` inakujibu `glibc 2.31`, kwisha, au `ldd --version` usome mstari wa kwanza. Ikiwa ndogo kuliko unayotaka, simama, mwambie mtu, usiguse kitu chake.

Nawapigia, jamaa ananiambia "boss pandisha tu glibc". Kwa mkono?? Kwenye sava inayolisha watu? Hiyo ikikosewa hata `ls` haifunguki, bash haifunguki, unabaki unaangalia skrini. Mtu wa sapoti anatamka hivyo bila hata kuuliza kama nina bekapu.

Asubuhi wakanitumia skripti ya "kukagua". Nikaijaribu kwenye mashine nyingine ya Alpine (aina nyingine ya Linux), ikapita!! Alpine inatumia musl, laibrari nyingine ya C, sio glibc, na `ldd` ya musl inaandika toleo lake kwenye njia ya makosa (stderr) sio ya majibu ya kawaida, kwa hiyo skripti yao ikasoma patupu, ikaona patupu ikaendelea kuinstoli. Ukikuta patupu si ndio unatakiwa usimame?

Na msije kuniambia 20.04 imezeeka, najua, kuhama kupo kwenye ratiba, lakini wao kwenye tangazo wameandika "Linux 64-bit" tu, glibc hawajaitaja popote.

Alfajiri tumepima kwa daftari, kina mama wa dagaa wamegombana na karani kuhusu kilo mpaka saa nne, na bekapu niliyorudisha ni ya juzi, risiti za jana zote naziingiza upya moja moja.

Mwenye kujua namna ya kuwabana hawa watoe kifurushi kilichojengewa glibc ya chini, hata 2.28, aseme hapa. Na wengine yaliyowakuta wekeni, hao wenye programu nawatumia huu uzi leo leo.