Unga wa lishe wa vitu saba: unamlisha mtoto au unaficha aleji yake?

Mtoa mada: Wakuu, najua wenye mashine za kusaga watanishukia, ila acha niseme. Mwanangu alikuwa na miezi 7, pumu ya ngozi imemjaa mikunjoni, nilipomnunulia unga wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga. Shangazi yake akatia na maziwa ya ng'ombe. Kijiko cha nne midomo ikaanza kuvimba, vipele vikapanda shingoni, akatapika mfululizo. Tukakimbia naye hospitali, akatulia. Daktari akauliza kala nini. Uji. Uji wa nini? Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaingia mkono wa pili.

Nyumbani kikao kikakaa. Shangazi anasema karanga, jirani anasema maziwa. Mimi kwa woga nikatoa vyote isipokuwa mchele, na mayai na samaki juu. Miezi mitatu mtoto anakula wali na mchicha, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala kama mgonjwa. Hoja yangu: mtoto asipewe mchanganyiko kabla hajaonja kila kimoja peke yake. Mnasemaje?

Msaga nafaka: Pole kwa mtoto. Lakini mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua hana muda wa kupika sufuria saba. Unga wangu wanaula watoto wa mtaa mzima, mmoja akivimba ndiyo tufunge mashine?

Bibi wa Masasi: Aleji mmezileta nyie wa mjini. Nimelea sita na wajukuu kumi na mmoja, wote kwa uji wa karanga.

Nesi wa kliniki: Shikamoo bibi. Kwa karanga, wewe uliwatangulia wataalamu. Mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walishauri mtoto mwenye hatari ya aleji asionjeshwe karanga hadi afike miaka 3. Mwaka 2008 wakaufuta ushauri huo. Mwaka 2015 yakatoka majibu ya utafiti wa London: watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, wengine walishwe karanga tangu miezi 4 hadi 11, wengine wasiziguse. Walipofika miaka 5, kwenye kundi lililonyimwa kama 17 katika kila 100 walikuwa na aleji ya karanga. Waliolishwa, 3 tu.

Ila bibi, wale walipimwa kwanza, na aliyeonyesha dalili kubwa hakuingizwa. Halafu karanga ilijulikana kuwa ni karanga, haikujificha kwenye vitu saba. Mwenye pumu kali ya ngozi apite kwa daktari kabla ya kuanza. Wengine, baada ya miezi 6, anza na karanga iliyosagwa laini, kidogo, kwenye uji mwepesi, asubuhi ili uwe naye macho mchana kutwa. Punje nzima hapana, zinakaba. Aliyekwisha kuvimba usimjaribie nyumbani hata kwa ncha ya kijiko.

Na mtoa mada, kumtolea mtoto vyakula vyote kwa kubahatisha ni kumpa utapiamlo mkononi.

Bibi wa Masasi: Marahaba. Hiyo ya asubuhi nimeielewa. Sisi tulikuwa tunawapa jioni walale.

Mtoa mada: Nimekubali, dada nesi. Tulipelekwa kupimwa: matone kwenye mkono, kila tone likachomwa kidogo kwa sindano. Baada ya robo saa tone la karanga likavimba kama kaumwa na mbu. Ngano, soya, maziwa, yai, samaki, kimya. Daktari akaturuhusu turudishe kimoja kimoja. Juzi kamaliza yai zima na dagaa, mstari wa kadi umeanza kuamka. Miezi mitatu nilimnyima mayai bure, na hilo bado linaniuma kuliko ule uvimbe.

Kaka msaga nafaka, sikuombi ufunge mashine. Andika tu kwenye mfuko kilichomo.

Msaga nafaka: Mfuko wangu una bei na namba ya simu, nakiri. Nitaandika. Na karanga naweza kuzifunga pembeni, mteja achanganye mwenyewe.

Nesi wa kliniki: Kinu kinachosaga karanga na cha mahindi ni kimoja?

Msaga nafaka: Kimoja.