Edinburgh, Basel au Halifax: tatuu ipi inamfaa mpiga tarumbeta mstaafu?

Baragumu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, baba yangu alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi kwa miaka 26, na tangu tukiwa wadogo ametusimulia habari za tatuu, yale maonyesho makubwa ambayo bendi za kijeshi za mataifa mbalimbali hukutana uwanja mmoja. Mwakani atatimiza miaka 72, na sisi wanawe tumeazimia kumpeleka. Tumebakiza tatu: Royal Edinburgh Military Tattoo ya Uskoti, Basel Tattoo ya Uswisi, na Royal Nova Scotia International Tattoo ya Halifax, Kanada. Fedha zinatosha safari moja tu. Naomba mliowahi kuhudhuria mtueleze tofauti ya muziki wenyewe kuliko ya fataki na taa, kwa sababu mzee husikiliza kwa sikio la kazi: bendi ikipita, kwanza hutazama miguu ya mstari wa nyuma, kisha husikiliza kama besi zimepatana na ngoma kubwa.

Jiwe la Ngome

Ndugu Baragumu, mfikishie mzee shikamoo yangu. Ninaishi Edinburgh na nimehudhuria mara nne, kwa hiyo ninakiri mapema kwamba ninaegemea upande.

Tatuu ya hapa hufanyika Agosti, katika uwanja ulio mbele ya lango la ngome, juu ya mwamba. Ilipoanza mwaka 1950 watazamaji wapatao 6,000 walikaa kwenye mabenchi. Leo majukwaa huchukua takriban watu 8,800 kwa onyesho moja. Uwanja wenyewe ni mwembamba na watu wameuzunguka pande tatu, hivyo kikosi cha zumari za mifuko na ngoma kinapotoka langoni, sauti hugonga kuta na kukurudia kifuani kabla hujaona vizuri ni nani anayekuja.

Mzee atafurahia jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Zumari ya Waskoti ina noti tisa tu. Haiwezi kupunguza wala kuongeza nguvu ya sauti, na mpigaji hawezi kukata pumzi kati ya noti moja na nyingine, kwa kuwa mfuko unaendelea kusukuma hewa. Ndiyo maana hupachika vinoti vifupi mno ili noti mbili zinazofanana zitengane. Isitoshe, kwa kawaida hulia juu kidogo ya Bi flati, noti ya msingi ya tarumbeta. Kwa hiyo mwishoni, zumari na bendi za shaba zinapopiga pamoja, mapatano unayoyasikia ni matunda ya kazi ya siku nyingi. Baada ya hapo taa huzimwa, akabaki mpiga zumari mmoja peke yake juu ya ukuta wa ngome. Nimeliona mara nne, na mara zote nne sikuweza kusema neno.

Kasoro ni hali ya hewa. Hakuna paa, mwavuli hauruhusiwi kwa sababu unamziba aliye nyuma, na mvua haisimamishi onyesho.

Vijiti Viwili

Ninaheshimu maelezo ya Jiwe la Ngome, lakini ikiwa sikio la mzee linafuata ngoma, mpelekeni Basel.

Basel Tattoo ni changa, ilianza mwaka 2006, lakini imeota katika udongo wenye ngoma. Wenyeji wa mji ule hujifunza ngoma na filimbi tangu utotoni kwa ajili ya Fasnacht, sherehe yao inayoanza saa kumi alfajiri taa zote za mji zikiwa zimezimwa. Kundi la Top Secret Drum Corps, lililoundwa huko mwaka 1991, si la wanajeshi, lakini mwaka 2003 lilialikwa Edinburgh na likapokewa kwa shangwe kubwa. Kiongozi wake, Erik Julliard, ndiye baadaye aliyeanzisha tatuu ya nyumbani kwao. Wapigaji hurushiana vijiti hewani, wakipiga kila mmoja ngoma ya jirani yake, na mdundo haupotei hata kidogo.

Maonyesho hufanyika Julai katika ua wa kambi ya zamani ya jeshi, karibu na mto Rhine. Mnakuwa karibu na wapigaji kiasi cha kuona vidole vyao. Pia Jumamosi moja bendi huandamana mjini, na kutazama ni bure. Kwa mwanamuziki nadhani maandamano hayo ni bora kuliko onyesho lenyewe, maana barabarani hakuna taa za rangi wala vipaza sauti vya kufunika makosa.

Upepo wa Bandarini

Halifax imesahauliwa, nami naomba niitetee. Ilianza mwaka 1979, ikifunguliwa na Mama Malkia Elizabeth, mama wa Malkia Elizabeth wa Pili, na hufanyika ukumbini mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai. Paa hilo si kwa ajili ya magoti ya mzee tu. Kwenye baridi ala za shaba hushuka sauti, na upepo huichukua sauti ya klarineti. Ukumbini utasikia hata kifungu kilichopigwa polepole, pamoja na kwaya. Lakini nisifiche: onyesho ni refu, zaidi ya saa mbili pamoja na mapumziko, na linachanganya bendi na wanasarakasi na mashindano ya mabaharia ya kuvuta mizinga. Anayetaka bendi tupu huenda akachoka.

Pwani ya Lamu

Kabla mzee hajaonekana mtu wa kutamani mambo ya ugenini, naomba kukumbusha kwamba pwani yetu iliyapokea haya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lamu na Mombasa zilikuwa na vikundi vya beni, ngoma zilizoiga bendi za jeshi, vilivyoshindana kwa gwaride, vyeo na sare. Kingi upande mmoja na Skochi upande wa pili, na jina la Skochi lenyewe linaonyesha walikokuwa wanatazama. Mzee anakwenda kuona chanzo cha kitu ambacho babu zetu walikwishakifanya chao.

Mwana wa Maskati

Ndugu wa Lamu amesema kweli, na hata huku Oman zumari hizo si ngeni. Sultani Qaboos alisoma Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, na kutumikia katika kikosi cha Waskoti cha Cameronians, na leo wapo wapiga zumari wa Oman wanaopiga wakiwa juu ya ngamia. Mwulizeni mzee anadhani ngamia hufuata mdundo gani.

Baragumu

Nawashukuru sana. Jana usiku nilimsomea mzee majibu yote. Habari za Basel zilimfanya apige meza kwa vidole, na Halifax aliisifu kwa ajili ya klarineti. Lakini aliniambia nirudie mara mbili sehemu ya zumari na shaba, kisha akauliza: nani humfuata nani? Na viongozi wanaizuiaje sauti isichelewe katika uwanja mrefu? Nadhani amekwisha kuchagua.

Jiwe la Ngome

Mwambie kwamba kwa kawaida hutumiwa zumari zilizotengenezwa zilingane na Bi flati ya shaba, hivyo mwenye noti tisa ndiye anayesogea. Ama kuchelewa, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye umbali wa mita 50 husikika akiwa nyuma kwa karibu sehemu ya saba ya sekunde. Anayeamini sikio lake atapotea, na ndiyo maana macho hufuata fimbo ya kiongozi na mkono wa mpiga ngoma kubwa. Nunueni tiketi mapema, miezi mingi kabla, na mchukue jukwaa la mashariki linalotazamana na lango. Mzee aje na koti zito, soksi za sufu na koti la mvua lenye kofia.