Mrejesho: ile saa ya dhahabu nimeichukua

Wakuu, niliuliza kama ninunue saa ya zamani ya dhahabu, Omega ya Uswisi ya kujaza kwa mkono, yaani unaizungusha kitufe cha pembeni ili itembee. Nimeichukua. Mlisisitiza ifunguliwe kwanza, na kweli fundi alipotoa mfuniko wa nyuma tukaona ndani yake alama ndogo ya kichwa cha mwanamke, Helvetia, anayewakilisha nchi ya Uswisi, ambayo Uswisi iliigonga kwenye dhahabu ya karati 18 hadi 1995. Kingo za saa yenyewe bado zina makali, haijasuguliwa ovyo. Uso wa saa, wenye namba na mishale, umeingia rangi ya krimu na sitaugusa. Kuupaka upya ni kuiharibia thamani. Naijaza kila asubuhi, taratibu, nikihisi inagoma naacha. Maji siisogezei kabisa. Ni nyembamba, inapita chini ya mkono wa shati bila kukwama. Naipenda mno, asanteni sana.