Mkonga wa kambi umelala ubavu Natron, bima wananizungusha. Ushauri wakuu

Kambi Popote: Wakuu, habari za jioni. Nina Land Cruiser mkonga niliyoitengeneza ya kambi: hema juu ya paa, friji, jiko la gesi mlango wa nyuma. Bima kubwa, imelipwa. Wiki mbili zilizopita iliteleza kwenye korongo kabla ya kijiji cha Engare Sero, kule Ziwa Natron, ikalala ubavu. Hema limechanika, nguzo ya mlango imepinda, friji limejaa mchanga. Fundi wa hapa Arusha anataka milioni 14. Bima kila nikipiga, "faili liko kwa mkadiria hasara". Naweza kuwabana walipe na hema? Silali.

Babu Kreti: Pole mkuu. Ila Natron mnafuata nini? Mimi nilikwama hukohuko na Land Rover 110, siku mbili, watu wanne, ndizi tatu. Tangu hapo nikitaka kutembea naenda Lushoto.

Dada wa Madai: Nimekaa dawati la madai miaka sita. Hema na friji uliviandika na thamani yake kwenye fomu ya kuombea bima? Kama hapana, kwao gari lako ni viti na magurudumu tu. Fundi asiguse kitu. Na nani alikuwa anaendesha? PF 90, ile ripoti ya ajali ya polisi, ina jina la nani?

Kambi Popote: Wakala alisema hema si lazima kuliandika. Fundi nishampa milioni 2, ameshaanza kunyoosha bodi, hapo harudi nyuma. Dereva ana leseni.

Dada wa Madai: Leseni sijauliza.

Kambi Popote: Ni Mjerumani mmoja. Rafiki.

Mtu Kati: Rafiki wa shilingi ngapi kwa siku? 😂

Kambi Popote: Alichangia dola 120 kwa siku, za matengenezo. Siku tisa tu jamani, hiyo nayo ni biashara? Ndiyo maana kwenye fomu ya madai nimeandika nilikuwa naendesha mimi, mambo yasiwe marefu.

Dada wa Madai: Polisi wameandika Mjerumani, wewe umejiandika wewe. Kaka, bima ya gari la matumizi binafsi haibebi gari la kukodisha. Hilo peke yake lilitosha kukukatalia, sasa umewaongezea na udanganyifu. Kesho asubuhi peleka barua ya kurekebisha maelezo. Wakikataa kulipa, wakupe kwa maandishi, uwe na kitu cha kupeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kambi Popote: Nikirekebisha si ndiyo nimejifunga mwenyewe?

Ibn Soko: Bima yenyewe kamari. Mngekuwa mnatoa sadaka hizo hela.

Mtu Kati: Sheikh, bima ya pikipiki yako umeikata ya nini?

Debe Tupu: Wakuu, hii chai na mnainywa bila vitafunwa. Huyuhuyu mwezi wa tatu alikuwa anaulizia bodaboda ya mkataba. Leo ana mkonga wenye friji? Weka picha ya kadi ya gari, ficha namba.

Babu Kreti: Nami nilijiuliza. Mjerumani gani wa dola 120 na hema juu?

Kambi Popote: Picha hiyo hapo. Mlango wa nyuma, kikaango bado kina yai lao la asubuhi limegandia.

Debe Tupu: Nimeomba kadi, umeleta yai.

Kambi Popote: Kadi ina jina la shemeji. Yuko Oslo. Aliniachia niwe naliwasha kila Jumamosi.

Dada wa Madai: Subiri. Bima ni ya jina lake? Fomu ya madai kasaini nani?

Kambi Popote: Sahihi yake naijua. Dada, mimi niliuliza habari ya hema.

Debe Tupu: Naomba radhi jamvini, hii si chai. Shemeji anakuja lini?

Kambi Popote: Alhamisi, uwanja wa ndege wa KIA, saa nane mchana. Kasema nimpokee na mkonga, tuunganishe Natron.