Sola ya kampasi Malindi: nani alichora mpango huu bila kupanda paani?

Wadau, nimeuona mchoro wa sola wa kampasi yetu na damu inanichemka. Sola siipingi, nimeipigania miaka. Langobaya papo hapa kuna kituo cha megawati 52 tangu 2021, na Chuo cha Strathmore kule Nairobi kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa mwaka 2014. Tusiambiwe ni jambo geni.

Mkutanoni tuliahidiwa kuwa giza la stima kupotea litakwisha. Haya, tazameni mchoro: inveta (mashine za kugeuza umeme wa paneli uweze kutumika majengoni) za kutegemea gridi, yaani nyaya za stima ya taifa, na betri hakuna hata moja! Inveta za aina hiyo hujizima stima ikikatika, zisije zikarudisha umeme kwenye nyaya na fundi yuko juu ya nguzo. Hilo ni la usalama, silaumu. Lakini maana yake saa sita mchana, jua la Malindi linawaka, stima ikienda basi maabara nayo imekwenda. Friji ya sampuli inapoteza baridi na paneli ziko juu hazina kazi. Si mngeweka betri ya maabara, seva na pampu ya maji tu? Viyoyozi visubiri.

Paa nalo. Aliyechora hakupanda ngazi, wallahi. Kaweka paneli juu ya maktaba, ubavuni mwa tangi la maji. Kivuli cha tangi kikiangukia paneli moja, safu yote iliyoungwa nayo inaweza kushuka nguvu. Na yale mabati yameliwa na chumvi ya bahari: pitisha kidole kando ya msumari, kutu inatoka chenga chenga. Paneli hukaa miaka 25. Bati lile halifiki mitano. Tutakapozishusha zote tuezeke upya, nani atalipa? Karo ya watoto wa watu?

Halafu zimeinuliwa nyuzi 30, zinatazama kusini! Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi 3 hivi. Huo ni mchoro wa Ulaya umebadilishwa jina. Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, zitakuwa zimeligeuzia mgongo. Zielekezwe kaskazini, nyuzi 10 zatosha mvua iteremke na vumbi.

Tenda haijatangazwa bado. Tunataka mhandisi apande paani pamoja na fundi wa kampasi, matumizi ya kila jengo yapimwe kwa mita kwanza, na mchoro mpya ubandikwe ubaoni tuusome sote. Barua nimeshaiandika, Jumatatu naipeleka kwa mkuu wa kampasi. Anayetia sahihi aandike hapa chini, na idara yake.