Mwani wa kotonii unageuka mweupe na kukatika, tufanyeje?

Swali: Assalaam alaykum. Kikundi chetu cha kina mama, pwani ya mashariki Unguja, kimepanda kotonii maji mafupi. Kaskazi hii ncha zinageuka nyeupe na kukatika. Tuvune au tungoje bamvua lijalo, maji yakijaa na kupwa sana?

Jibu: Waalaykum salaam. Msingoje. Weupe huo huletwa na joto la maji na jua kali yakipwa. Kotonii haivumilii kama spinosamu, aina nyingine ya mwani. Kateni sehemu zisizoharibika mkaushe, zilizolainika msizifunge tena kuwa mbegu, yaani vipande vya kupandia. Hamisheni kamba kwenye maji yasiyokauka hata bamvua. Fungeni mbegu changa, kama gramu 100, kila sentimita 20, na tai-tai (kijikamba cha kufungia mbegu) isibane shina.

Jibu: Na bei huharibikia kwenye kukausha, dada. Anikeni juu ya chanja, si mchangani, na mvua ikija funikeni haraka. Kilo 7 au 8 mbichi hutoa moja kavu, basi pimeni wenyewe kabla mnunuzi hajaleta mizani yake.

Jibu: Kaskazi pandeni spinosamu kwenye maji mafupi. Bei yake ndogo, ndiyo, lakini haifi ovyo.